Chensoo ya kuni si chensoo ya mbao

MSUMENO wa mnyororo, au chensoo kama wengi tunavyouita, umeacha kuwa chombo cha kampuni za magogo peke yake. Ukipita Muheza, Maramba, Pongwe au Pangani utausikia ukinguruma kwenye mashamba ya watu binafsi. Mkorosho uliozeeka unaondolewa, mwembe ulioangushwa na upepo unakatwa vipande, mvinje wa mpakani unageuzwa kuni. Kazi ambayo vibarua wawili wenye shoka wangeifanya kutwa nzima, mashine huimaliza kabla jua halijawa kali.

Hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba wananchi wengi wananunua mashine isiyolingana na kazi waliyonayo. Wapo wanaonunua kubwa kupita kiasi kwa sababu ndiyo waliyoiona kwa wapasua mbao. Wapo wengine wanaokwenda dukani wakiuliza swali moja tu, ipi ni ya bei ya chini, wakaibeba hiyo bila kuuliza la pili. Kundi la kwanza linaumia mgongo na mafuta, na la pili linaumia baada ya miezi michache mashine inapogoma na kipuri hakipatikani. Fedha yenyewe mara nyingi ni ya mauzo ya korosho au mkopo wa VICOBA, ambayo familia haiipati mara mbili kwa mwaka.

Kwa mtazamo wangu, kwa kuni za mkoa wa Tanga na ukanda wetu wa pwani, mashine inayofaa ni ya ukubwa wa kati: injini ya cc 45 hadi 60, bamba la sentimita 40 au 45, na vipuri vinavyopatikana bila kuagiza mbali. Kwa mtu asiye na siku za kutosha za kazi, ni heri akodi.

Ukubwa una historia

Tanga imezoea misumeno mikubwa. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 misitu ya Usambara Mashariki ilivunwa kwa mashine ili kulisha kiwanda cha mbao mjini Tanga. Uvunaji huo ulikuja kusimamishwa katika miaka hiyo ya 1980 baada ya kelele za wataalamu wa mazingira, na mwaka 1997 sehemu ya misitu hiyo ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Wapasuaji wa mbao wa mitaani nao wamekuwa na mapenzi na mashine nzito. Maarufu kuliko zote katika nchi zetu ni Stihl 070 ya Ujerumani, yenye injini ya karibu cc 106. Mashine hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya magogo makubwa na kazi ya kupasua kwa urefu wa gogo, ambako cheni inasaga mbao kwa dakika nyingi bila kupumzika. Kwa kazi hiyo imepata sifa yake kwa haki.

Kukata kuni ni kazi nyingine kabisa. Mkata kuni anakata gogo kwa upana, sekunde chache, kisha anasogea hatua moja na kukata tena. Anainua na kushusha mashine mara mamia kwa siku. Mti wake wa kawaida una unene wa sentimita 15 hadi 40. Ukimpa mashine ya cc 106 umempa lori la tani 10 kubebea debe la mahindi. Litafika, lakini gharama za safari hiyo ni za nani?

Cc 50 zinatosha

Tuziweke chensoo katika makundi manne ili tuelewane. Za chini ya cc 40 ni za kupogolea na kukata matawi. Za cc 45 hadi 60 ni za mkulima na mkata kuni. Za cc 65 hadi 75 ni za mvunaji wa kila siku katika mashamba makubwa ya miti. Zinazozidi hapo ni za magogo makubwa na upasuaji wa mbao.

Katika kundi la pili ndimo zilimo mashine kama Stihl MS 250 ya cc 45, MS 290 na mrithi wake MS 291 za cc 55 na kidogo, na Husqvarna 455 ya Uswidi, nayo ya cc 55. Humo humo zimo mashine nyingi kutoka China zinazoandikwa cc 52 au 58 na kuuzwa kwa majina mengi tofauti. Uzito wa kundi hili bila bamba na mafuta ni kati ya kilo nne na nusu na sita. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuishika asubuhi nzima na jioni akainua kikombe cha chai bila mkono kutetemeka.

Kuhusu bamba, wanunuzi wengi hudhani refu ndiyo bora. Si kweli. Bamba la sentimita 45 linakata gogo la unene wa zaidi ya sentimita 70 ukilizunguka na kuliingilia pande mbili. Bamba refu lina meno mengi ya kunoa, linagusa mchanga kwa urahisi, na linaibebesha injini ndogo mzigo usio wake. Isitoshe, bamba la sentimita 40 ni rula tosha ya kupimia vipande vya kuni ili vilingane, kwa kuwa mpishi wa jiko sanifu hataki kipande kirefu kinachobaki nje ya mlango wa jiko.

Jambo la kuzingatia ni aina ya miti yetu. Mvinje ni mgumu na mzito, ndiyo maana kuni yake inasifiwa. Mnazi una ganda gumu la nje linalomaliza makali ya cheni upesi kuliko mtu anavyotarajia. Mtiki nao una chembe zinazokula makali. Kwa miti hiyo, mwenye cc 50 na cheni kali atamshinda mwenye cc 70 na cheni butu. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na hapa maneno hayo hayahitaji tafsiri.

Hesabu ya mfukoni

Je, ununue ya bei ya chini au ya bei ya juu? Tupige hesabu kwa mfano. Namba hizi si bei za duka lolote, ni za kutuonyesha njia tu. Msomaji aweke bei atakazozikuta mwenyewe.

Tuseme mashine ya kwanza inauzwa Sh400,000 na kwa kazi ya kila siku inadumu miezi minane. Ya pili inauzwa Sh1,500,000, inadumu miaka minne, na kila mwaka inataka vipuri vya Sh200,000. Katika miaka minne mwenye ya kwanza atanunua mashine sita, jumla Sh2,400,000. Mwenye ya pili atatumia Sh1,500,000 na Sh800,000 za vipuri, jumla Sh2,300,000. Tofauti ni ndogo mno, na sijahesabu vipuri vya ile ya kwanza wala siku za kukaa bila kazi huku mteja akisubiri kuni. Kwa mtu wa kazi ya kila siku, rahisi ni ghali.

Sasa tugeuze upande. Mkulima wa Mkinga mwenye ekari nne za korosho anakata miti siku 10 au 15 kwa mwaka. Kwake mashine ile ya Sh400,000 inaweza kukaa miaka kadhaa ikitunzwa vizuri. Akinunua ya Sh1,500,000 atakuwa ameweka mtaji stoo ukilala na panya, wakati shamba linadai dawa ya kupulizia. Ni makosa kumwambia kila mtu anunue ghali kama ilivyo makosa kumwambia kila mtu anunue rahisi. Swali la kwanza ni siku ngapi kwa mwaka mashine itafanya kazi.

Na kama jibu ni siku tano, asinunue kabisa. Akodi fundi mwenye mashine yake, amlipe kwa siku au kwa mti, mafuta wakubaliane mapema. Au wakulima sita wa kitongoji kimoja wachangie mashine moja kwa masharti matatu: mwendeshaji awe mmoja aliyefundishwa, kila anayeitumia alete mafuta na oili yake, na pawe na daftari la kuandika saa za kazi na fedha ya akiba ya vipuri. Chombo cha kikundi kisicho na daftari huwa hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakinolewi.

Uliza vipuri kabla ya bei

Ukifika dukani, kabla ya kuuliza bei ya mashine omba uonyeshwe kwa macho vitu sita: cheni ya akiba, bamba, sproketi, plagi, chujio la hewa na kamba ya kuwashia. Mwenye duka akisema vitakuja wiki ijayo, nawe mwambie utarudi wiki ijayo. Mashine nzuri isiyo na cheni ni pambo la sebuleni. Hapo ndipo baadhi ya mashine za China zinaposhinda, kwa sababu zinafanana sana kwa ndani na kipuri cha moja huingia kwenye nyingine. Ukweli huo usemwe bila kuona haya.

Lililo baya kuliko urahisi ni ubandia. Zipo mashine zilizopakwa rangi na kubandikwa jina la kampuni kubwa ilhali hazikutengenezwa nayo. Mnunuzi analipa bei ya jina na kupata mashine isiyo na jina. Dai risiti yenye namba ya mashine, hakikisha namba hiyo imechongwa kwenye mwili wa mashine na si kwenye karatasi ya kubandika tu, na uliza dhamana inatolewa na nani. Bei ikiwa nusu ya ile ya wakala anayetambulika, jua kuna sababu.

Kisha iwashe hapo hapo. Iwake ikiwa baridi, izimwe, iwake tena ikiwa moto. Ikinguruma bila kubonyezwa mafuta, cheni isizunguke. Breki ya cheni isukumwe mbele uone kama inashika. Elekeza ncha ya bamba kwenye karatasi na uongeze mafuta kidogo. Matone madogo ya oili yakitokea kwenye karatasi, pampu ya oili inafanya kazi.

Tupa, petroli na oili

Mashine nyingi zinazosemwa ni mbovu zimeuawa na mwenyewe. Injini hizi hazina oili yake ya ndani kama ya gari. Zinategemea oili iliyochanganywa kwenye petroli. Ukisahau mara moja, pistoni inakwama na mashine imekufa. Kwa oili maalumu ya ubora wa juu watengenezaji wengi huelekeza sehemu moja kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa kidumu cha lita tano. Kwa oili ya kawaida ya injini za aina hiyo, Stihl hushauri moja kwa 25, yaani mililita 200 kwa kidumu hicho hicho. Soma kitabu cha mashine yako na upime kwa chombo chenye alama. Kizibo cha soda si kipimo. Na usichanganye mafuta ya mwezi mzima, kwani kwenye joto letu mchanganyiko uliokaa huharibika.

Oili ya cheni ni jambo jingine. Wengi hutia oili chafu iliyomwagwa gereji kwa sababu ni ya bure. Oili hiyo imebeba chembe za chuma zinazosaga pampu na bamba, na inamrukia mtumiaji usoni na mikononi kutwa nzima. Aliyekosa oili ya cheni atumie oili safi ya injini ya gari.

Kuhusu kunoa, cheni ya kipimo cha 0.325 ya inchi kwa kawaida hutumia tupa ya mviringo ya milimita 4.8, na ya inchi tatu kwa nane hutumia ya milimita 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji. Pitisha tupa mara mbili au tatu kwa kila jino kila unapojaza mafuta, usingoje cheni igome. Dalili ni rahisi. Cheni kali hutema vipande vya mbao, cheni butu hutema unga. Huku pwani, gogo lililoburutwa kwenye mchanga lipigwe ufagio au litolewe ganda kwanza. Na mashine inayofanya kazi karibu na bahari ifutwe na kukaushwa kila jioni, maana chumvi haina huruma na chuma.

Soko la kuni linabadilika

Anayetaka mashine hii kwa biashara ajue anaingia soko la aina gani. Wanunuzi wakubwa wa kuni kwa miaka mingi wamekuwa shule, magereza, kambi na vyuo. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kuwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034. Utekelezaji una kasi tofauti mahali na mahali, lakini mwelekeo uko wazi.

Kwa hiyo mtu anayekopa leo kununua mashine kubwa kwa matumaini ya zabuni za kuni za shule za bweni kwa miaka 10 ijayo anajenga nyumba juu ya mchanga. Hii ni sababu nyingine ya kuchagua ukubwa wa kati. Mashine ya cc 50 soko la kuni likipungua bado ina kazi: kupunguzia mitiki na mikaratusi shambani, kuondoa mikorosho isiyozaa ili kupanda miche mipya, kukata minazi iliyokufa, na kusafisha barabara baada ya upepo. Mashine ya cc 106 ikikosa magogo haina kazi nyingine.

Mwenye kutaka kudumu katika biashara hii aanze na miti yake mwenyewe. Mjohoro na mkaratusi huchipua tena ukikatwa vizuri. Kisiki kiachwe kifupi, mkato uwe safi na wa mshazari ili maji yasituame, na machipukizi yapunguzwe yabaki mawili au matatu. Mvinje wa pwani hauchipui vizuri namna hiyo, kwa hiyo ukikata mmoja panda miche kadhaa.

Sheria ianze, mashine ifuate

Kuna watu wanaodhani kuwa na risiti ya chensoo ni ruhusa ya kukata. Sivyo. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, uvunaji katika misitu ya hifadhi unahitaji kibali, na mazao ya misitu yanayosafirishwa yanahitaji hati ya kusafirishia. Mikoko yote ya Tanzania Bara imo katika hifadhi, kuanzia mpaka wa Horohoro hadi Mtwara, na hakuna kuni ya mikoko ya kujichukulia. Kukutwa na chensoo ndani ya hifadhi bila kibali ni kuitafuta kesi kwa mkono wako mwenyewe.

Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kununua, nenda ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ya wilaya yako au kwa ofisa misitu wa halmashauri. Uliza utaratibu wa kumiliki na kuendesha mashine hiyo, wa kukata miti ya shambani kwako, na wa kupeleka kuni mjini. Safari hiyo moja ni nafuu kuliko kunyang'anywa mashine na kuni barabarani.

Mguu hauna kipuri

Mwisho ni usalama, ambao kwa bahati mbaya tunauweka mwisho hata katika maisha. Mtu anatoa Sh1,000,000 ya mashine kisha anaingia shambani na kandambili na kaptula. Hatari kubwa ni ncha ya juu ya bamba inapogusa gogo jingine: mashine huruka nyuma kuelekea usoni kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoweza kuizuia. Ndiyo kazi ya breki ya cheni, na ndiyo maana fundi anayeifungua breki eti inamsumbua hafai kukuajiri wala kuajiriwa. Kelele zake zinazidi desibeli 100, na masikio yakifa hayafufuki.

Kiwe kiwango cha chini kabisa: buti ngumu, suruali nzito, miwani, kofia ngumu na vizibo vya masikio. Shika kwa mikono miwili, usikate juu ya usawa wa mabega, na usifanye kazi peke yako. Gharama ya vifaa hivyo iingizwe kwenye bei ya mashine tangu siku ya kwanza. Asiyeweza kuvinunua vyote pamoja bado hajafikia kununua chensoo.

Hapa halmashauri zetu na VETA Tanga zina nafasi. Mafunzo mafupi ya siku chache ya kuendesha, kunoa na kutengeneza misumeno hii, yakitolewa karibu na wakulima Muheza, Mkinga na Pangani, yangeokoa fedha, miti na viungo vya watu. Wauzaji nao wasimwache mteja aondoke kabla hajafundishwa kuchanganya mafuta na kunoa cheni. Mteja aliyeua mashine yake mwezi wa kwanza hatarudi kununua cheni wala plagi, atarudi kugombana.

Kwa mkulima na mfanyabiashara wa kuni, mwongozo ni mfupi: hesabu siku zako za kazi, pima unene wa miti yako, uliza vipuri na kibali, kisha ndipo utoe fedha. Ukifuata mpangilio huo, mara nyingi utajikuta umeshika mashine ya ukubwa wa kati, na mara nyingine utajikuta umeamua kukodi. Vyote viwili ni uamuzi wa mtu mwenye akili ya biashara.